Kupatikana Si Habari

Mavumoni ipo. Wanaobisha ni wale waliozunguka kwa barabara ya milimani, na Mwanakheri hakuwa na muda wa kuzunguka. Mama yake mzazi alikuwa anamngoja ng'ambo ya nchi hiyo. Bibi huyo hakuwahi kumuona mjukuu wake tangu aanze kutembea, na alishaapa kwamba safari hii asipoletewa atamfuata mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Basi Mwanakheri akajitwika kikapu cha nguo, akamshika mkono binti yake Kidawa, wakakata katikati.

Jambo la kwanza aliloliona ni salamu. Watu wa Mavumoni hawaulizani hali. Wakikutana, mmoja anasema, "Umesikia?" na mwenzake anajibu, "Nimesikia!" Basi, kila mtu anashika njia yake. Hakuna anayetaja kilichosikiwa. Mwanakheri alipomwamkia mzee mmoja barabarani, "Shikamoo babu," yule mzee alisimama akamtazama mdomoni kama anayengoja kitu kitoke.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu nini, babu?"

"Halafu ikawaje? Maana hiyo peke yake haina kitu, mwanangu."

Jambo la pili lilikuwa pembe. Pembe kubwa za bati, midomo wazi, zimetundikwa kwenye nguzo, kwenye kuta, jikoni, mpaka chooni. Zote zilitoka kwenye jengo moja refu jeupe katikati ya mji, linaitwa Jumba la Sauti. Na sheria ya nchi ilikuwa fupi, hata watoto wanaosota waliijua: kisichotoka kwenye pembe hakijatokea.

Watu wa kule hawaoni ajabu. Siku ile Mwanakheri anaingia mjini mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha, lakini pembe zilikuwa zimetangaza jua. Watu walitembea wameloa chapachapa, wanajipepea na kulalamika joto. Kijana mmoja aliyejibanza chini ya paa alikamatwa kwa kueneza uvumi wa mvua. Mchana jua lilipochomoza, pembe zikatangaza mvua, na mji mzima ukafungua miamvuli na kuanza kuruka madimbwi ambayo yalikuwa yameshakauka.

"Mama, hawa watu wana nini?" Kidawa akauliza.

"Shika mkono wangu. Tunapita tu."

Lakini hawakupita tu. Walipofika sokoni pembe zikalia, "Chumvi imeadimika! Chumvi imeadimika!" Na chumvi ilikuwa pale pale, imerundikwa mbele ya maduka kama vichuguu, inzi wanaikanyaga. Watu wakaikimbilia kama wanafukuzwa na nyuki. Kila mmoja akabeba alichoweza, mwanamke mmoja akajaza mpaka kwenye kofia ya mumewe. Vumbi lilipotulia chumvi ilikuwa imeadimika kweli, na watu wakawa wanatikisa vichwa wakisema, "Pembe haijawahi kukosea." Mwanakheri akatazama mkono wake. Ulikuwa mtupu.

"Kidawa! Kidawa! Jamani, mmemuona mwanangu? Ana miaka saba, gauni la njano, pengo hapa mbele!"

Watu wakainua macho kuzitazama pembe. Pembe zilikuwa kimya.

"Mbona hatujasikia?" muuza ndimu mmoja akasema.

"Si mnanisikia mimi!"

"Wewe siyo pembe, dada. Nenda Jumba la Sauti. Wakikutangaza tutakuhurumia, tena sana tu."

Ndiyo akaenda, mbio, viatu mkononi. Pale Jumba la Sauti alipokelewa na Bwana Mbaruku, mtu mwembamba, mpole, mwenye cheo cha Mpima Midomo. Kazi yake ilikuwa kupima habari kabla haijapanda hewani. Mbele yake kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wamekaa watu wa kawaida waliookotwa barabarani. Yeye anawasomea habari, wao wanashangaa, halafu anapita na rula ya mbao kupima kila mdomo umefunguka kiasi gani. Habari ambayo haifungui midomo vidole vinne haitoki.

"Mtoto amepotea sokoni," Bwana Mbaruku akalisomea benchi. Akapita na rula. "Vidole viwili. Haipandi, mama. Watoto wanapotea kila siku. Ana kitu gani cha zaidi?"

"Ana mimi! Mimi mama yake!"

"Hilo wote wanalo. Miaka?"

"Saba."

"Mpe mitano." Midomo ikasogea kidogo. "Jina?"

"Kidawa."

"Zuri, tunalichukua. Sura?"

"Ana pengo hapa, na kovu dogo kidevuni, alianguka kwenye ngazi..."

"Toa pengo. Pengo linachekesha, na sisi tunataka kulia. Kovu pia toa. Anaimba?"

"Anaimba akiwa chooni."

"Ana sauti ya ndege. Gauni?"

"La njano, limepauka."

"Jeupe, na kipepeo kifuani. Baba yake?"

"Yuko kazini, kwetu huko. Ni fundi wa matofali."

"Amekufa."

"Hajafa!"

"Kwa leo amekufa. Tukimhitaji wiki ijayo tutamfufua." Akawasomea benchi habari nzima upya, mtoto wa miaka mitano, yatima, gauni jeupe, sauti ya ndege, na safari hii midomo ilifunguka mpaka taya la baba mmoja likakwama, ikabidi akandwe na maji ya moto. Bwana Mbaruku hakuhitaji hata rula. "Inapanda!" akasema, na watu wakaanza kukimbizana kwenye korido.

Mtangazaji mkuu wa Mavumoni alikuwa Bi Kilua. Nchi nzima ilimpenda, na alikuwa na haki ya kupendwa, maana sauti yake ingeweza kumliza jiwe. Alikaa mbele ya pembe mama, msaidizi akamwekea sahani ya kitunguu kilichokatwa, akavuta pumzi juu ya sahani, macho yakajaa.

"Ndugu zangu," akasema, "leo nchi yetu imepata pigo." Akaeleza yote, kipepeo na yote, akanyamaza palipohitaji kunyamaziwa. Mwishoni akafuta shavu moja. "Machozi haya mmeletewa na Sabuni ya Povu Tele. Povu Tele, hata huzuni inatoka."

Mwanakheri alikuwa amesimama pembeni. Alijua wamedanganya, lakini alijipa moyo: angalau sasa watamtafuta. Akatoka nje mbio.

Mji mzima ulikuwa umesimama chini ya pembe unalia. Wazee, vijana, hata yule muuza ndimu alikuwa amekumbatiana na mteja. Walilia vizuri, kwa moyo, lakini hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini ya meza. Mwanakheri akainama yeye. Chini ya meza ya samaki, hayupo. Nyuma ya magunia ya chumvi, hayupo. Akafika mwisho wa soko, kwenye meza ya mama mmoja mnene muuza vitumbua, akafunua kitambaa, na pale chini akaona ndala anazozijua.

Kidawa alikuwa amekaa juu ya kopo, mashavu yamejaa.

"Mama! Kuna mtoto amepotea," akasema huku anatafuna. "Umesikia?"

Mwanakheri alimvuta, akamkumbatia, akamfinya kidogo kwa hasira, akamkumbatia tena. Yule muuza vitumbua, jina lake Mama Sikitu, alikuwa anageuza vitumbua kwa mkono mmoja na kufuta machozi kwa mwingine.

"Masikini ya Mungu, miaka mitano tu! Na sauti ya ndege!" Akampa Kidawa kitumbua kingine. "Kula, mwanangu. Shukuru hujapotea wewe."

"Ndiye huyu!" Mwanakheri akasema.

"Nani?"

"Aliyepotea! Huyu hapa, nimempata, asante dada, Mungu akulipe."

Mama Sikitu akamtazama Kidawa, akaitazama pembe iliyokuwa juu ya jiko lake, akamtazama tena Kidawa. Kisha akamshika Mwanakheri bega kwa upole kabisa.

"Shoga, uchungu umekuzidi. Huyu ana pengo."

Mtu mwingine angeondoka zake tu. Mwanakheri aliona ni vibaya kuwaacha watu wanalia bure, akarudi Jumba la Sauti na mtoto mkononi. Alidhani watafurahi.

"Amepatikana," akamwambia Bwana Mbaruku.

Bwana Mbaruku aliwageukia watu wa benchi bila kinyongo, akawasomea: "Mtoto aliyepotea amepatikana. Hajambo. Alikuwa anakula vitumbua." Akapita na rula kwenye mdomo mmoja mmoja. Yote ilikuwa imefungwa, isipokuwa wa bibi mmoja pale mwisho, na huyo alikuwa anapiga miayo. "Miayo hatuhesabu," Bwana Mbaruku akasema. "Unaona mwenyewe, mama. Kupatikana si habari."

"Lakini watu wanalia!"

"Ndiyo uzuri wake. Wewe unajua ni lini mara ya mwisho nchi hii ililia pamoja? Hata mimi nimelia, na mimi ndiye niliyemvalisha gauni jeupe." Akamwinamia Kidawa. "Hujambo, binti. Unaitwa nani?"

"Kidawa."

"Umesikia? Tayari watoto wameanza kupewa jina lake." Akamnyooshea kidole kovu lake, akatabasamu, akarudi kwenye rula yake.

Basi Mwanakheri akasema potelea mbali, tuondoke. Wakafika kwenye lango la mpaka jioni. Mlinzi alikuwa kijana aliyevaa kombati safi, pembe ndogo imening'inia sikioni kama hereni.

"Wewe ndiye mama wa mpotevu," akasema. "Pole sana. Nimelia leo mpaka nimeloesha mkanda."

"Asante. Mtoto ni huyu hapa, tunaenda kwa bibi yake."

"Mtoto gani?"

"Huyu. Kidawa."

"Kidawa amepotea."

"Amepatikana, kaka. Mwangalie."

Mlinzi hakumwangalia. "Mama, nisikilize. Aliyepotea hayupo. Asiyekuwepo anatokaje? Nikifungua lango hili nitakuwa nimefungulia nani?" Kisha akapunguza sauti. "Na wewe huruhusiwi, maana unahitajika kulia hewani kila jioni mpaka apatikane."

"Na atapatikana lini?"

"Hiyo tutaisikia," mlinzi akasema, akagonga ile pembe ya sikioni.

Mama Sikitu ndiye aliyewapa mahali pa kulala, nyuma ya jiko lake, kwenye turubai. Alikuwa haamini kwamba Kidawa ni Kidawa, lakini hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kumnyima mtu mkeka.

Siku zikapita na habari ikanenepa. Wanawake wakaanza kusuka nywele mtindo wa Kidawa, wenye kipepeo utosini. Waziri wa Huzuni akaenda sokoni kuweka shada la maua mahali mtoto alipopotelea, akakosea akaliweka kwa muuza samaki, na kuanzia hapo ndipo mahali mtoto alipopotelea. Wanaume vijiweni waligombana kama kipepeo kilikuwa chekundu au cha bluu. Wekundu wakaacha kununua kwa Wabluu. Kinyozi mmoja alimwacha mteja nusu kichwa alipogundua ni wa bluu, na ndoa moja, iliyodumu tangu pembe zikiwa za ng'ombe, ilivunjika juu ya kipepeo. Kidawa mwenyewe alikaa mbele ya meza ya vitumbua anasikiliza kila tangazo, kidole mdomoni. Wateja walimruka kuifikia pembe.

"Dada," Mwanakheri alimuuliza Mama Sikitu walipokuwa wanasaga mchele, "kweli nyinyi hamuoni?"

Mama Sikitu akaongeza konzi ya mchele. "Nyumba yangu iliungua siku ya harusi ya Bi Kilua," akasema. "Pembe zilikuwa zinatangaza keki. Watu walipita pembeni ya moto wanacheza, wengine wakasimama kuota, maana kulikuwa na baridi. Habari ya moto haikupata nafasi. Kwa hiyo haijaungua. Mpaka leo wananiuliza, 'Wewe Mama Sikitu, una nyumba nzuri vile, kwa nini unalala sokoni?'"

"Na wewe unawajibuje?"

"Nawaambia napenda upepo." Akaendelea kusaga. "Kuona tunaona, shoga. Ila ukiona kitu peke yako unafanya nini nacho?"

Jioni ile Mwanakheri akaitwa kwenye Meza ya Wajuzi. Hiki ni kipindi kinachopendwa kuliko vyote Mavumoni. Wajuzi wanakaa mezani, hawana shughuli nyingine, na wanajua kila kitu. Aliyesema kuhusu malezi hakuwa na mtoto, na aliyesema kuhusu masoko alikuwa anatuma mtu kumnunulia. Na ipo sheria nyingine ya nchi, inaitwa Sheria ya Upande wa Pili: kila kinachosemwa lazima awepo wa kusema kinyume chake, kwa muda ule ule, kwa sauti ile ile. Wa kusema kinyume alikuwa Bwana Fumbwe, ameajiriwa kwa kazi hiyo. Asubuhi hiyo tu alikuwa amebishana na daktari kwamba malaria inasaidia kupunguza unene, na barua za pongezi zilikuwa bado zinaingia.

"Mama anasema mtoto alipotea," Bi Kilua akafungua mjadala. "Bwana Fumbwe?"

"Mimi nauliza tu," Bwana Fumbwe akasema. "Sisemi, nauliza. Mama mwenye uchungu anakula vitumbua? Maana huyu ameonekana anakula vitumbua."

"Mtoto wangu yuko hapa mlangoni!" Mwanakheri akapiga kelele. "Kidawa, ingia wakuone!"

Kidawa akachungulia. Wajuzi wakatazamana.

"Amekodi mtoto," mjuzi wa malezi akanong'ona, karibu kabisa na pembe.

"Tena mwenye pengo," akaongeza mjuzi wa masoko.

"Sasa mimi sisemi, nauliza," Bwana Fumbwe akaendelea. "Mtu anayekodi mtoto, yule wa kwanza alimpeleka wapi?"

Ukafuata ukimya mzuri sana, Bi Kilua akautumia kutangaza sabuni.

Wakati wa mapumziko Bwana Fumbwe alimfuata Mwanakheri kwenye korido. Alikuwa mtu mzima, mvi kidogo, na alimpa Kidawa pipi.

"Usinichukie, mama. Binti yako mzuri, kafanana na wewe mpaka kidevu."

"Unajua ni yeye!"

"Nina macho."

"Basi kaseme!"

"Nitasemaje?" Bwana Fumbwe akashangaa kweli kweli. "Upande huo umeshachukuliwa na wewe."

Walipotoka nje mtu mmoja akawarushia nyanya mbovu, ikampata Kidawa begani. Kisha pembe zikatangaza kwamba kesho jioni wananchi watapiga kura. Kura za Mavumoni zinapigwa kwa masufuria. Swali likisomwa kila nyumba inagonga sufuria, na wenye kelele zaidi wameshinda. Swali lilikuwa hili: mama afungwe kwenye chumba cha vioo, pale Jumba la Sauti, mpaka mtoto apatikane?

Mwanakheri alisimama katikati ya barabara, anafuta nyanya kwenye gauni la njano. Mpaka mtoto apatikane. Alikuwa amemshika mkono.

Aliyepata njia ni Mama Sikitu, na aliipata kwenye pembe kama wanavyopata kila kitu. Asubuhi iliyofuata ilitangazwa kwamba Sabuni ya Povu Tele imeandaa shindano uwanjani, la watoto wanaofanana na Kidawa. Watatu wa kwanza watavishwa utepe na kupelekwa nchi za jirani, ili majirani wajue wanamtafuta nani.

Mama Sikitu akazima jiko. Alikuwa anatazama kovu la kidevuni, na alilitazama muda mrefu.

"Mpeleke," akasema.

"Wapi?"

"Akafanane. Wenye utepe wanapita langoni." Akachovya kona ya kanga kwenye maji, akamfuta Kidawa masizi usoni, taratibu, kama anayeogopa kulifuta na lile kovu. "Mimi sijaona kitu. Nimesikia tangazo tu."

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walikuwa wengi mpaka wamepangwa kwa mistari, wote na magauni meupe, wote na vipepeo, vyekundu huku na bluu kule, polisi katikati. Kidawa peke yake alikuwa wa njano, kwa hiyo Wekundu wakamzomea na Wabluu wakamzomea, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu wiki ianze.

Majaji walikuwa Bi Kilua, Bwana Mbaruku na mwenye sabuni. Kila mtoto alitakiwa kutembea kama aliyepotea na kumwita mama yake.

Aliyetangulia alikuwa mpwa wa Bi Kilua, msichana wa miaka kumi na mbili, kifua mbele, midomo inang'aa mafuta. Alitembea kama anaingia ukumbini, akapiga goti, akaita "Mamaaa!" kwa sauti tatu tofauti, akaanguka na kuzimia upande wenye kivuli. Watu walilia, wakashangilia, wakalia tena.

Zamu ya Kidawa ilipofika, alisimama pale katikati, akatazama ule umati unaomtazama. Akasahau kutembea. Macho yakaanza kutafuta huku na huku, mdomo ukatetemeka, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama? Mama uko wapi?"

Mwanakheri alikuwa ameshanyanyuka kabla hajajua amenyanyuka. Mama Sikitu akamvuta kanga, akamkalisha.

"Amejitahidi," Bwana Mbaruku akasema kwenye pembe, rula mkononi. "Ila hakunishawishi. Mtoto aliyepotea kweli hawezi kuwa na sauti ndogo vile."

"Na pengo limezidi," mwenye sabuni akasema. "Anamdhihaki marehemu."

"Siyo marehemu, bado amepotea," Bi Kilua akamsahihisha. "Marehemu ni wiki ijayo." Kisha akamtazama Kidawa, na mara hii hakukuwa na sahani ya kitunguu mbele yake. Akapangusa jicho haraka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu. "Mpeni wa tatu," akasema.

Wakamvisha utepe mwekundu wa kitambaa cha kung'aa, umeandikwa kwa dhahabu: KIDAWA, MFANO WA TATU. Wakampa na kipande cha sabuni.

Mwanakheri hakungoja makofi yaishe. Alimkumbatia Mama Sikitu, naye akasukumia mfuko wa vitumbua kwenye kikapu. Mji ulikuwa unashusha masufuria kutoka rafuni kwa ajili ya kura. Walipofika langoni walisikia miko inajaribiwa, ngo, ngo, ngo.

Mlinzi alikuwa yule yule. Macho yake hayakupanda juu ya utepe.

"Mfano wa Tatu! Hongera, binti. Nilisikia. Pole kwa pengo, ila umejitahidi." Akafungua komeo. Halafu akaweka mkono mbele ya Mwanakheri. "Na huyu?"

Mwanakheri akaweka kikapu sawa. "Mimi ni mfano wa mama."

Mlinzi alirudi nyuma hatua moja, akafunga jicho moja kama mnunuzi wa ng'ombe. Alimtazama kuanzia kikapu mpaka viatu.

"Umempatia kidogo," akasema mwishowe. "Nywele ndiyo zenyewe. Ila yule ana macho ya ukatili. Wewe una macho ya mtu tu." Akatoa mkono. "Pita. Ukikutana naye huko mbele, mtemee mate kwa niaba yangu."

"Nitamtemea," Mwanakheri akasema, akapita.

Wakatembea haraka bila kusemezana mpaka jiwe la mpaka likawa nyuma yao. Ng'ambo kulikuwa na mashamba ya mihogo, na kimya ambacho mwanzoni kiliumiza masikio. Juu ya kilima, mbele ya nyumba ya bati, mtu mdogo aliyeinama alikuwa anapunga kanga. Mwanakheri akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akaacha vyote viwili viendelee.

"Bibi yule! Kimbia, kamkimbilie bibi!"

Kidawa hakukimbia. Alikuwa amesimama, amegeukia walikotoka. Upepo ulikuwa unaleta sauti ya Bi Kilua, mbali, nyembamba, tamu kama siku ya kwanza. Bado hajapatikana, ndugu zangu. Bado hajapatikana. Machozi yalikuwa yanamshuka Kidawa mpaka kwenye utepe.

"Nini tena, mama? Tumeshatoka."

"Yule mtoto," Kidawa akasema.

"Mtoto gani?"

"Aliyepotea. Wote wamekaa wanalia tu, Mama. Hakuna anayemtafuta."

Mwanakheri akapiga magoti kwenye mchanga, akamshika mashavu yote mawili. "Nisikilize. Hakuna mtoto mwingine. Ni wewe. Kidawa ni wewe, na nimeshakupata, unaona? Nimekushika."

Kidawa alimtazama mama yake kwa huruma, vile vile Mama Sikitu alivyomtazama siku ya vitumbua.

"Siyo mimi, Mama. Mimi nina pengo."

Mwanakheri akaanza kumvua utepe. Kidawa akajichomoa, akarudi mbio mpaka kwenye jiwe la mpaka, akasimama juu yake, akaweka viganja viwili mdomoni.

"Kidawaaa!" akaita kuelekea Mavumoni. "Kidawaaa! Njoo huku!"

Kisha akanyamaza, akasikiliza.